Furaha ya 1776 si furaha ya harusini

Toleo lililopita tulichapa tafsiri ya sentensi moja ya Tamko la Uhuru la Marekani la Julai 4, 1776: kwamba watu wote wameumbwa sawa, na Muumba wao amewapa haki zisizoondoleka, miongoni mwake "uhai, uhuru na kutafuta furaha". Barua zimetujia nyingi, na safari hii Bagamoyo imetia fora. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha, kama ilivyo desturi ya safu hii.

Wahariri, salaam. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano waliisoma tafsiri yenu wakacheka. Mmoja akauliza ni serikali gani inayoundwa ili watu wafurahi, kwani ni kikundi cha ngoma? Nilijaribu kueleza nikakwama. Niandike nini ubaoni?
*Mwalimu wa Historia, Dunda*

Mwalimu, mwanafunzi wako kaona kasoro ambayo sisi tuliipitisha. Kosa ni letu. Futa "furaha", andika "heri". Ukitaka neno la kiserikali zaidi, andika "ustawi".

Furaha katika Kiswahili cha leo ni hali ya moyo ya muda: timu imeshinda, mtoto kazaliwa, mshahara umeingia. Inakuja, inaondoka. Raha nayo iko karibu na mwili zaidi, kama kivuli, dafu na upepo wa bahari. Neno la Kiingereza walilolitumia, "happiness", lilibeba hayo yote, na asili yake hasa ni neno la kale lenye maana ya bahati. Lakini wasomi wa karne ya 18 walilikuta tayari limeshapewa mzigo mwingine na wanafalsafa. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba heri si hisia ya siku moja, ni namna maisha yote ya mtu yanavyokwenda akiwa na tabia njema na akitumia vipawa vyake. Mkulima wa Kiromo hasemi mhogo wake umefurahi, husema umestawi. Hapo ndipo palipo maana.

Ushahidi usiutafute mbali. John Adams, aliyekuwa katika kamati iliyoandika Tamko, alitoa kijitabu miezi michache kabla, mwaka huohuo wa 1776, akasema lengo la serikali ni heri ya jamii, na kwamba heri ya mtu pamoja na heshima yake imo katika wema wa tabia. Akataja mashahidi wa jambo hilo: Confucius, Zoroaster, Socrates na Mtume Muhammad. (Kwa imani yake ya Kikristo hakuwaweka kwenye daraja la maandiko matakatifu, lakini aliwataja, na wanafunzi wa Bagamoyo watapenda kulijua hilo.) George Washington, alipoapishwa kuwa rais wa kwanza Aprili 30, 1789, alirudia kwamba wema na heri vimeungana muungano usiovunjika. Naye Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tamko, akiwa mzee mwaka 1819, alifupisha mafundisho ya mwanafalsafa Epicurus hivi: heri ndiyo lengo la maisha, wema ndio msingi wa heri, na manufaa ndiyo kipimo cha wema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akizungumzia kucheka.

Neno "kutafuta" tunalitetea. Kiswahili kina kutafuta namna mbili: kutafuta ufunguo uliopotea na kutafuta riziki. Anayetafuta ufunguo akiupata ameacha kutafuta. Anayetafuta riziki hutoka kila asubuhi, na kule kutafuta kwenyewe ndiyo kazi yake. Kiingereza cha wakati ule nacho kilitumia neno hilohilo kwa shughuli anayoishikilia mtu, kama uanasheria au kilimo. Kwa hiyo ubaoni andika: "uhai, uhuru na kuitafuta heri".

Ukishaandika, chunga makosa matatu ambayo huzama kwenye karatasi za mitihani.

La kwanza, wanafunzi huandika "haki ya kuwa na furaha". Tamko halisemi hivyo. Wiki tatu tu kabla yake, Juni 12, 1776, jimbo la Virginia lilipitisha Tamko la Haki lililoandikwa hasa na George Mason, na humo mna haki ya "kutafuta na kupata" heri na usalama. Jefferson alibakiza kutafuta, kupata hakukuweka. Kama aliliacha kwa kupima au kwa sababu sentensi ilipendeza ikiwa fupi, hilo linajadilika, na ni swali zuri la mdahalo.

La pili, wanasahau kwamba neno hilo limo mara mbili. Mistari michache baadaye Tamko linasema serikali ikigeuka kuharibu haki hizo, watu wana haki ya kuibadili au kuiondoa, na kuunda nyingine kwa misingi wanayoona itawaletea "usalama na heri". Pale juu heri ni ya mtu mmojammoja. Hapa ni ya umma. Anayesoma sentensi ya kwanza peke yake hudhani waasisi wale walimwachia kila mtu ajipiganie. Rasimu ya Jefferson ilikuwa na la tatu pia, karibu na mwisho, likisema njia ya kwenda kwenye heri na utukufu iko wazi kwao pia, wataipanda wakiwa mbali na Waingereza. Bunge lao lilikata maneno hayo.

La tatu ni la tarehe. Kamati iliteuliwa Juni 11 na ilikuwa na watu watano: Jefferson, Adams, Benjamin Franklin, Roger Sherman na Robert R. Livingston. Rasimu ilifikishwa bungeni Juni 28. Kura ya kujitenga ilipigwa Julai 2, maandishi yakapitishwa Julai 4, na wengi wa wale 56 wenye saini walitia saini Agosti 2. Mwanafunzi akiandika kwamba wote walisaini Julai 4, mpunguzie.

Mhariri, nilisikia kwamba mwanzo iliandikwa "mali", halafu wakaifuta wakaweka hiyo furaha ili maskini wasidai mashamba. Ni kweli?
*Fundi seremala, Magomeni, Bagamoyo*

Fundi, hiyo ni nusu ya habari. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1704, alizitaja haki tatu kuwa uhai, uhuru na mali, na waasisi wa Marekani walimsoma sana. Kwa hiyo mtu akiona "uhai, uhuru" halafu asione "mali", hushtuka. Lakini katika rasimu ya Jefferson iliyobaki hakuna mahali "mali" ilipoandikwa ikakatwa. Heri ilikuwapo tangu mwanzo. Na heri si uzushi wa kumkwepa Locke. Huyohuyo Locke, katika kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, aliandika kwamba kuitafuta heri ya kweli, kwa uangalifu na bila kuichanganya na ile ya kudhania tu, ndiyo msingi wa uhuru wetu.

Mason wa Virginia aliviweka vyote viwili: njia za kupata na kumiliki mali, kisha heri na usalama. Kwake mali ilikuwa nyenzo, kama ubao ulivyo kwako wewe, haununuliwi ukae. Na mali haikupotea. Ilirudi mwaka 1791 katika Rekebisho la Tano la Katiba yao: mtu asinyang'anywe uhai, uhuru wala mali pasipo kufuata sheria.

Ila kwamba maskini hawakupewa mashamba, hapo hujakosea.

Mimi natembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Tukifika Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara ya biashara, huwaeleza jina la mji, bwaga moyo. Juzi mgeni kutoka Marekani alisema yule aliyeandika habari za furaha alikuwa na watumwa. Nikabaki mdomo wazi. Sasa hiyo heri ilikuwa ya nani?
*Mwongoza watalii, Bagamoyo*

Mgeni wako kasema kweli. Jefferson katika maisha yake alimiliki zaidi ya watumwa 600. Katika makoloni yale 13, kati ya watu kama milioni 2.5, karibu mmoja katika kila watano alikuwa mtumwa.

Tazama chumba chenyewe. Juni 1776 Jefferson, mwenye umri wa miaka 33, alikuwa amepanga vyumba vya juu katika nyumba ya fundi mwashi mmoja huko Philadelphia, akiandikia juu ya kisanduku kidogo cha mbao cha kupakata. Aliyekuja naye kumhudumia ni kijana wa miaka 14, Robert Hemings, mtumwa wake, ambaye pia alikuwa ndugu wa mke wake kwa baba. Maneno "wameumbwa sawa" yaliandikwa na mtu aliyeletewa maji na kijana huyo. Robert alipata uhuru wake mwaka 1794, miaka 18 baadaye.

Wageni wakikuuliza kama waasisi hawakuliona hilo, jibu ni kwamba waliliona. Rasimu ilikuwa na aya nzima ikimlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya kuwateka watu Afrika na kuwauza ng'ambo. Bunge liliitoa. Jefferson mwenyewe aliandika baadaye kwamba South Carolina na Georgia hazikuitaka, na kwamba baadhi ya watu wa kaskazini nao walichomwa nayo, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wachukuzi wa watumwa baharini. Aya yenyewe, tuseme ukweli, ilimtupia mfalme mzigo wote kana kwamba wanunuzi hawakuwapo.

Lakini usiishie hapo unapowaeleza wageni, maana maneno yakishaandikwa huokotwa na wasiokusudiwa. Januari 1777 Prince Hall na wenzake, watu weusi wa Massachusetts, walipeleka ombi kwa watunga sheria wa jimbo wakidai haki ileile ya asili. Mwaka 1780 katiba ya Massachusetts, aliyoiandika hasa John Adams, ilitangaza kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, wenye haki ya kutafuta na kupata usalama na heri yao. Mwaka uliofuata mtumwa mmoja, Elizabeth Freeman, alimfuata mwanasheria, akaenda mahakamani, akaibwaga familia iliyommiliki. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa uhuru na fidia ya shilingi 30. Nchi nzima ilisubiri hadi 1865, baada ya vita, ndipo utumwa ukafutwa katika Katiba.

Kwa upande wa hapa kwetu, ukitaka tarehe za kulinganisha: misheni ya Wakatoliki hapo Bagamoyo ilianza 1868, ikiwa na kijiji cha waliokombolewa; Sultani Barghash alisaini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini Juni 1873; na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Na hilo jina la mji usiliuze kwa maana moja. Mpagazi aliyetua jino la tembo baada ya miezi njiani alibwaga moyo kwa maana ya kupumzika. Aliyefungwa mnyororo, akiangalia bahari, aliubwaga kwa maana ya kuuacha. Zote mbili husimuliwa, na zote mbili zahusu heri.

Je, Mmarekani asiye na furaha anaweza kuishitaki serikali yake?
*Msomaji wa siku nyingi, Kaole*

Hawezi kushinda kwa kulitaja Tamko peke yake. Tamko lilitangaza sababu za kujitenga. Si sheria ambayo hakimu huihukumia. Katiba yao ya 1787, ambayo ndiyo sheria, haina neno hilo hata mara moja.

Hata hivyo majaji hulichukua linapowafaa. Richard na Mildred Loving, mume mzungu na mke mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani, walifunga ndoa Washington mwaka 1958, wakarudi kwao Virginia, wakahukumiwa kwa kosa la kuoana. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti Juni 12, 1967, ikasema uhuru wa kuoa ni miongoni mwa haki za lazima katika kuitafuta heri kwa utaratibu. Angalia tarehe: Juni 12, jimbo la Virginia, siku ileile ambayo miaka 191 kabla tamko la Mason lilipitishwa.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mama lishe pale soko la samaki. Mwanangu kaniambia kulikuwa na mzee wa Kimarekani aliyekuwa na daftari la kuhesabu furaha. Mimi ninalo la madeni tu. Lake lilikuwaje, na mtu kama mimi analiweza?
*Mama lishe, soko la samaki, Bagamoyo*

Marahaba, mama. Huyo ni Benjamin Franklin, mpiga chapa, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote katika ile kamati ya watu watano. Alilianza daftari hilo akiwa kijana, miaka mingi kabla ya uhuru. Nalo halikuhesabu furaha, lilihesabu makosa. Umezoea daftari la madeni, kwa hiyo umeshaielewa nusu ya kazi: huandiki waliolipa, unaandika wasiolipa.

Aliorodhesha tabia njema 13 kwa mpangilio huu: kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, mpangilio, nia thabiti, kubana matumizi, bidii, ukweli wa moyo, haki, kutopita mpaka, usafi, utulivu, kujitunza na zinaa, na unyenyekevu. Mpangilio una sababu. Kiasi kilitangulia kwa kuwa tumbo lililojaa na kichwa kilicholewa haviwezi kulinda hayo mengine. Kunyamaza kukafuata, kwa sababu elimu huingia kwa masikio na yeye alijijua kuwa mpenda porojo na utani. Unyenyekevu haukuwamo, rafiki yake mmoja alimwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana kiburi, ndipo akauongeza mwishoni.

Kutengeneza lako, chukua daftari la kawaida, rula na kalamu nyekundu. Tenga kurasa 13, moja kwa kila tabia. Kwenye kila ukurasa piga safu 7 za kwenda chini kwa siku za wiki na mistari 13 ya kukata kwa tabia zote. Utapata visanduku 91. Franklin alianza na Jumapili, wewe anza na Jumamosi kama Kiswahili kinavyohesabu. Yeye aliandika herufi za mwanzo za kila tabia pembeni. Usimuige, maana kwa Kiswahili kiasi, kunyamaza, kubana matumizi, kutopita mpaka na kujitunza zote ni K na utachanganyikiwa. Andika namba 1 hadi 13.

Kila usiku, ukishaosha masufuria, weka nukta nyeusi kwenye kisanduku cha kila kosa la siku hiyo. Wiki ya kwanza ukurasa wa mbele ni wa kiasi, na nia yako ni moja tu: mstari wa 1 ubaki mweupe. Mengine yaandike yanavyokuja bila kujilaumu. Wiki ya pili linda mstari wa 1 na wa 2. Endelea hivyo, zamu moja inakwisha kwa wiki 13, na mwaka una zamu 4 kamili.

Mahali panapoharibika ni pengi. Wengi hushambulia yote 13 siku ya kwanza, na kufikia Jumatano daftari liko uvunguni. Franklin alifananisha na kung'oa magugu: huyang'oi yote kwa mkupuo, unamaliza tuta moja ndipo uende la pili. Kasoro nyingine ni ya karatasi. Kwa kukwangua nukta za zamani ili atumie kurasa upya, daftari lake lilijaa matundu. Akahamia kwenye vijibao vyembamba vya pembe za ndovu, akichora mistari kwa wino mwekundu wa kudumu na nukta kwa penseli, na kuzifuta kwa sponji iliyoloweshwa. Pembe hizo ndizo zilizoufanya mji wenu ujulikane, lakini leo ukurasa uliotiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufutwa kwa kitambaa kibichi unatosha.

La tatu ni mpangilio, na hapo mama tunakutahadharisha mapema. Franklin alijipangia siku: kuamka saa 11 alfajiri na kujiuliza atafanya jema gani leo, kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6, mapumziko ya kula, kusoma na kukagua hesabu hadi saa 8, kazi tena hadi saa 12 jioni, kisha kurudisha vitu mahali pake, kula, muziki na mazungumzo, kulala saa 4 usiku baada ya kujiuliza amefanya jema gani. Ratiba ikamshinda. Alisema inamfaa fundi mwenye mamlaka juu ya muda wake, lakini anayeshughulika na watu hulazimika kuwapokea saa wanazotaka wao. Mama lishe hawapangii wavuvi saa ya kurudi. Kwa hiyo shika maswali mawili, la asubuhi na la usiku, ratiba iache.

Alikaribia kukata tamaa, akajifananisha na mtu aliyetaka shoka lake ling'ae lote. Mhunzi akamwambia sawa, ila zungusha wewe jiwe la kunolea. Akazungusha weee, mkono ukachoka, akasema alichukue hivyohivyo lilivyo. Mhunzi akamwambia endelea, bado lina madoa. Akajibu: naona shoka la madoamadoa ndilo nilipendalo. Franklin alikuwa akijicheka mwenyewe. Na kuhusu unyenyekevu alikiri kwamba hata akidhani ameshinda kiburi, angejivunia unyenyekevu wake.

Akiwa katika mwaka wake wa 79 aliandika kwamba ukamilifu hakuufikia hata kidogo, lakini kwa kujaribu alikuwa mtu bora zaidi na mwenye heri zaidi kuliko angekuwa asingejaribu. Ndiyo maana mwanao kaliita daftari la furaha. Hajakosea sana.

Lile la madeni usilitupe.

Nipo kidato cha sita na tuna mdahalo: "Waasisi wa Tanganyika hawakujali furaha ya mtu mmojammoja." Mimi nimepangiwa upande wa kupinga. Nisaidieni.
*Mwanafunzi, Kiromo*

Upande mgumu, lakini silaha unazo. Anza kwa kuomba neno "furaha" lifafanuliwe, kwa hoja tuliyompa mwalimu hapo juu. Wapinzani wako wakikubali "heri", nusu ya uwanja umeshachukua.

Kisha onyesha kwamba waasisi wetu walikuwa na neno lao, nalo ni heshima. Oktoba 22, 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu Nyerere alizungumza juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, ulete tumaini pasipo na tumaini, upendo penye chuki na heshima palipojaa dharau. Mwenge ukapandishwa kweli Desemba 9, 1961. Azimio la Arusha la 1967 linaanza imani yake kwa kusema binadamu wote ni sawa, na mara moja kwamba kila mtu anastahili heshima. Sema "kila mtu" kwa sauti, maana hapo ndipo penye mtu mmojammoja. Kumbusha pia kwamba Adams alitaja heri na heshima pamoja.

Wapinzani watakujibu kwa masharti ya uongozi ya Azimio hilohilo: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari. Watasema hapo mtu alizuiwa kujitafutia. Usikatae; ni kweli, na masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Jibu kwamba yaliwafunga viongozi na si mvuvi wala mkulima, na yalitokana na hofu kwamba heri ya wachache itajengwa juu ya migongo ya wengi. Vijiji vya ujamaa usivitaje wewe kwanza. Wakivitaja, kubali kwamba watu walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1970, kwa sababu ukikana utapoteza ukumbi mzima.

Karata ya mwisho iache kwa dakika zako za kufunga. Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 8(1). Aya (a) inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, jambo ambalo Tamko la 1776 linalo pia. Aya (b) inasema "lengo kuu la Serikali litakuwa ni ustawi wa wananchi". Hilo ni neno la Adams kwa Kiswahili.

Mpinzani aliyejiandaa atanyanyuka na Ibara ya 7(2), inayosema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi na mahakama yoyote. Uwe umeshaisoma kabla yake, na umuulize kama Tamko la Marekani linatekelezwa.